Wanaofuatilia Mnadani Bila ya Kununua: Lawama Iende kwa Nani?

Katika maswali yanayotufikia kuhusu biashara za mitandaoni, liko moja linalorudi kwa sura tofauti. Mtu ameweka cherehani, simu au gari yake kwenye mnada wa intaneti. Anaona watu ishirini, thalathini, wamebonyeza kitufe cha kuifuatilia. Furaha inamjaa. Siku ya mwisho inafika, na kitu kinakwenda kwa bei ya kutupa, au hakinunuliwi kabisa. Anauliza: watu wale walikuwa wanataka nini? Na wengine wanasonga mbele zaidi, wanauliza kama si aina ya dhulma kumpa muuzaji matumaini kisha ukakaa kimya.

Jibu letu la mwanzo ni kuwa lawama hapa inamwangukia asiyestahiki. Anayetazama bila ya kununua hana kosa, na mara nyingi ndiye mwenye akili kuliko wote waliopo mnadani. Lipo kosa kubwa katika minada hii, lakini liko kwa watu wengine, na la kusikitisha ni kuwa katika familia zetu linafanywa kwa jina la kusaidiana.

Tuanze na mnada wenyewe. Mnada wa mtandaoni uliojulikana zaidi duniani ni eBay, ulioanzishwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Kitu cha mwanzo kuuzwa hapo kilikuwa kifaa cha kumulikia cha leza, tena kibovu, kwa dola 14.83. Siku hizi sehemu kubwa ya bidhaa za eBay zinauzwa kwa bei iliyokwisha kuwekwa, lakini mnada upo bado, na umeigwa kila mahali, mpaka kwenye makundi ya WhatsApp ambako watu hupandishiana bei kwa ujumbe.

Mnada tunaoujua sisi visiwani ni wa samaki. Dalali anasimama mbele ya fungu la vibua au jodari, watu wamemzunguka, na anawaona usoni. Anamjua mwenye hoteli, anamjua mchuuzi wa baiskeli, na anamjua mzee aliyepita tu kusikiliza bei kabla ya kurudi nyumbani. Samaki hangoji, kwa hivyo mnada unakwisha kwa dakika chache. Mzee yule hakuna anayemgombeza kwa kusimama.

Mtandaoni uso haupo. Muuzaji anapewa tarakimu tu: wanaofuatilia ni 34. Ndani ya tarakimu hiyo wamo mwenye hoteli, mchuuzi na mzee mpita njia, wote wamevaa kanzu moja. Tena mnada wa eBay hauendi kwa dakika, unakwenda kwa siku: 1, 3, 5, 7 au 10. Na kubonyeza kufuatilia hakugharimu hata senti wala hakumfungi mtu kwa lolote. Muuzaji anayehesabu watu 34 kama wateja 34 amesoma tarakimu hiyo vibaya.

Sasa kwa nini hata yule anayekitaka kitu kweli akae kimya? Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mnada wa eBay unafungwa kwa saa iliyotangazwa, liwalo na liwe. Ukifika wakati wake, hakuna dalali wa kuuliza "nani zaidi?" mara ya pili na ya tatu. Chukua mtu anayetaka cherehani na yuko tayari kutoa shilingi laki mbili. Akitaja bei siku ya kwanza, anawaambia wenziwe mambo mawili: kuwa kitu hiki kina thamani, na kuwa kuna mtu wa kushindana naye. Mwengine atapandisha, naye atapandisha, na mpaka siku ya saba bei imeshaivuka laki mbili. Lakini akinyamaza, akakiweka kwenye orodha yake, kisha akaingia sekunde za mwisho, wenziwe hawana tena muda wa kumjibu. Ukimya wake si uvivu. Kanuni ya mnada ndiyo iliyomfundisha.

Jambo hili lilichunguzwa. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha utafiti wao mwaka 2002 wakilinganisha eBay na minada ya Amazon ya zama hizo. Amazon ilikuwa na kanuni tofauti: mtu akitaja bei katika dakika kumi za mwisho, mnada unaongezewa muda, mpaka zipite dakika kumi bila ya bei mpya. Yaani ilifanana zaidi na dalali wetu, anayeendelea kuuliza mpaka watu wanyamaze. Waligundua kuwa tabia ya kuvizia mwishoni ilikuwa kubwa zaidi kwa eBay kuliko kwa Amazon. Walioukabili mnada ni watu wale wale wa dunia, kilichobadilika ni kanuni.

Zipo na sababu nyengine, na hizi tutazipita kwa haraka. Wako wanaofuatilia ili wajue bei ya soko, kwa sababu wao wenyewe wanacho kitu kama hicho na wanataka kukiuza. Wako wanaosubiri mshahara. Wako waliokuwa wanunuzi wa kweli, bei ikavuka uwezo wao siku ya tatu, wakaacha jina lao kwenye orodha bila ya kujali kulifuta. Kwa sisi wa visiwani wako wengi ambao bei ya kitu wanaiweza, ila wakishaongeza nauli ya mzigo na ushuru wa bandarini wanakuta ni mara mbili. Na wako wajanja waliogundua kuwa eBay inamruhusu muuzaji kuwatumia wanaofuatilia punguzo la bei, kwa hivyo wanabonyeza na kungoja waletewe.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni magari ya Japani. Magari mengi yaliyotumika yanayoshuka bandarini kwetu yamepita kwenye minada ya huko, kama ile ya kampuni ya USS, ambayo kituo chake cha Tokyo, kilichopo Noda, hunadi maelfu ya magari kila Alkhamisi. Haruhusiwi kununua ila mwanachama, ndiyo maana mtu wa Unguja au Chake Chake hupitia kwa wakala. Kila gari ina karatasi ya ukaguzi yenye alama: daraja la gari, hali ya ndani, na mchoro unaoonesha palipokwaruzika na palipobonyea. Gari iliyopata ajali ikatengenezwa hupewa alama ya R. Sasa mtu anayetafuta gari ya kuendeshea familia, akakaa miezi miwili anatazama tu karatasi hizi na bei zilizofikiwa, bila ya kutoa hata yeni moja, amefanya nini? Amejifunza. Akija wakala kumwambia kuwa gari ya daraja lile haipatikani chini ya kiasi fulani, atajua kama ni kweli. Tungependa vijana wetu wote wanaotuma akiba za wazee wao nje wawe watazamaji wa namna hii kwanza.

Tuje kwenye hukmu. Kuuza kwa mnada ni halali. Imepokewa kutoka kwa Anas (Radhiya Allahu 'anhu) kisa cha mtu wa Answaar aliyekuja kuomba, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akamwagiza alete alichonacho nyumbani, akaleta tandiko na bakuli. Mmoja akataja dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, na vikauzwa kwa dirhamu mbili. Wameipokea Abu Daawuud, at-Tirmidhiy na Ibn Maajah, na baadhi ya Maulamaa wameizungumzia isnadi yake, lakini uhalali wa mnada wenyewe umekubalika kwa jamhuri ya Maulamaa. Na katazo la mtu kuingilia mapatano ya nduguye haliuhusu mnada ambao bado uko wazi, kwa kuwa muuzaji hajamwelekea yeyote.

Katika kisa hicho walikuwepo watu zaidi ya wawili. Wasiotaja bei hawakulaumiwa.

Lililokatazwa ni najshi. Katazo lake limo katika Hadithi ya Ibn 'Umar (Radhiya Allahu 'anhumaa) kwa al-Bukhaariy na Muslim, na maana yake ni mtu kupandisha bei ya kitu hali ya kuwa hataki kukinunua, ili mwengine adanganyike. Na hapa tunaomba wasomaji wetu watusikilize vizuri, kwani ndipo familia zinapoteleza. Kijana anaweka simu mnadani kwenye kundi. Bei imekwama. Anamwandikia binamu yake pembeni: "Hebu nisaidie, taja laki tatu." Binamu anataja. Mnunuzi wa kweli, pengine mama mjane anayemtafutia mwanawe simu ya chuo, anaona kumbe kuna mshindani, anataja laki tatu na ishirini. Simu inauzwa, binamu anatumiwa kitu kidogo cha vocha, na kila mmoja anaona amefanya wema kwa nduguye. Hii ndiyo najshi yenyewe. Udugu haubadilishi hukmu yake, unaongeza tu idadi ya waliokula haki ya yule mama.

Maulamaa wa Kishaafi'i, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu, wanasema kuwa bei hiyo inasihi na dhambi iko kwa aliyenajishi, na kwa kauli yenye nguvu kwao mnunuzi hana khiyari ya kurudisha. Wa Kihanbali wanampa khiyari ikiwa amepunjwa kupindukia ada. Sheria za nchi nazo hazikulinyamazia: mwaka 2010 mahakama moja ya Uingereza ilimtia hatiani mtu aliyekuwa akijipandishia bei bidhaa zake mwenyewe kwenye eBay kwa kutumia jina jengine.

Na je, akiwa hakutajwa mpandishaji, bali zimetiwa tarakimu za uongo za wanaotazama? Mtu anafungua akaunti kumi, zote zinakifuatilia kitu chake, ili anayepita aone kinagombewa. Hakuna bei iliyotajwa, kwa hivyo jina la najshi kwa maana yake ya vitabuni linaweza kubishaniwa. Sisi tunaona kuwa maana ni ile ile, kwani makusudio ni kumtia mnunuzi pupa kwa mshindani asiyekuwepo, na lisipoingia katika najshi halitoki katika ghushi, nayo ni haramu bila ya shaka. Mwezi wa Februari 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilipata ahadi kutoka kwa kampuni sita za kuwekea vyumba vya hoteli mtandaoni, zikiwemo Booking.com na Expedia, kuwa zitaacha kuwapotosha wateja. Moja ya mambo yaliyolalamikiwa ni lile tangazo la kuwa watu kadhaa wanakitazama chumba hiki sasa hivi, ilhali watu hao huenda wanatafuta tarehe nyengine kabisa. Wenye nyumba za wageni Nungwi na Paje wanaotumia mitandao hiyo wanayajua matangazo hayo vizuri.

Liko kosa jengine, la yule anayetaja bei, akashinda, kisha akatoweka. Huyu ndiye aliyempotezea muuzaji wakati wake. Kwa kanuni za eBay, kutaja bei ni kujifunga kununua, na Muislamu ameamrishwa kutimiza ahadi. Mtu asiyekuwa na hakika na pesa yake abaki kwenye orodha ya watazamaji, hapo hamdhuru yeyote.

Tusiseme kuwa kutazama hakuna hatari kabisa. Hatari yake ni kwa mtazamaji mwenyewe. Mtu mwenye vitu mia na hamsini kwenye orodha yake, anayeamka usiku kuangalia saa ya dhahabu imefikia wapi, jicho lake limeshazoea kurefukia walivyonavyo wengine, na Qur-aan imetahadharisha juu ya hilo katika Suratu Twaahaa. Hilo ni la moyo, na kila mtu anajijua. Halina uhusiano na haki ya muuzaji.

Wapo pia wanaotuuliza kuhusu programu zinazotaja bei kwa niaba ya mtu katika sekunde ya mwisho. Hatuoni ubaya wake maadamu anayeitumia anakitaka kitu na pesa anayo, na mnada wenyewe haukukataza. Hamdanganyi mtu. Anatumia ile saa ambayo muuzaji ameiridhia tokea siku ya kwanza.

Na kwa ndugu yetu wa cherehani, aliyetaka kujua afanye nini: weka kima cha chini ambacho hutouza chini yake, kiandike wazi. Panga mnada wako ufungwe baada ya 'Ishaa, si saa tisa za usiku watu wamelala. Piga picha ya ubovu pamoja na ya uzuri, kwani wengi wa wanaofuatilia wananyamaza kwa sababu hawajakiona kitu kwa macho na wanaogopa. Na ukiona watu 34, andika kwenye maelezo ya kitu chako kuwa mwenye suali akuulize. Huenda ukagundua kuwa watano kati yao wanataka kujua jambo moja tu: sindano yake inapatikana Darajani?

Wa-Allaahu A'lam.