Marais si timu za ligi

Kaa kijiweni Buigiri, kando ya barabara ya Morogoro na Dodoma, usubiri kahawa imiminwe. Haichukui muda: mmoja atasema hakuna kama Mwalimu Nyerere, wa pili atamtaja Mwinyi, Mzee Ruksa, aliyefungua maduka yakajaa, wa tatu atapiga meza kwa ajili ya Magufuli. Mkapa na Kikwete watapata mawakili wao pia. Kahawa ikiisha, marais wameshapangwa kama msimamo wa ligi, nani kileleni na nani wa kushuka daraja. Nyuma ya mabishano hayo kuna imani ambayo karibu kila Mtanzania anayo: kwamba zama ni za rais, kilichojengwa kakijenga yeye, kilichobomoka kakibomoa yeye. Imani hiyo ni ya uongo, na ajabu ni kwamba inatamba hata Buigiri, jirani kabisa na Ikulu ya Chamwino.

Nani aliyeihamishia serikali Dodoma? Wengi watajibu Magufuli, na ni kweli Julai 2016 ndiye aliyetangaza kwamba sasa inatosha, tunahama. Lakini uamuzi wa kuhamia hapa ulipitishwa na TANU mwaka 1973. Jengo la Bunge lilijengwa awamu ya tatu, ya Mkapa, likafunguliwa 2006, awamu ya nne, ya Kikwete. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifungua milango 2007. Jengo jipya la Ikulu Chamwino lilizinduliwa 2023 na Rais Samia. Haya, pointi tatu apewe nani? Na ucheleweshaji je? Baada ya 1973, Mwalimu mwenyewe alitawala miaka 12 zaidi akiwa Dar es Salaam. Mwinyi akakaa 10, Mkapa 10, Kikwete 10. Wapangaji wa ligi hawapendi hesabu hii kwa sababu haina mshindi.

Tazama ada ya shule, jambo linalomgusa kila mzazi wa Chamwino. Ada ya msingi ilifutwa 1973. Miaka ya 80 ikarudi, ikiitwa uchangiaji. Je, mtu mmoja alilala akaamka na roho mbaya? La. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, mazao yetu yameshuka bei nje, vita vya Kagera vimekausha hazina, na wakopeshaji wametia shinikizo. Mwaka 2001 ada ikafutwa tena, Mkapa akiwa madarakani, nchi ikiwa imepata msamaha wa madeni na asasi za wananchi zimepiga kelele za kutosha. Mwaka 2016 ikafutwa hadi kidato cha nne, na 2022 ikafikia kidato cha sita. Anayempa rais mmoja sifa ya elimu bure amesoma ukurasa mmoja wa kitabu kizima.

Halafu kuna suala la nani anayepiga kura katika ligi hiyo. Mwaka 1971, Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo kwenye vijiji vya pamoja vya Ujamaa. Mzee aliyeacha tembe lake na malisho ya ng'ombe wake hatampa Mwalimu alama sawa na msomi aliyeijua Ujamaa vitabuni. Na aliyepata zahanati na shule kwa kuwa kijiji kilikusanywa, naye ana alama zake. Wote wawili wanasema kweli.

Hata Wamarekani, walioufanya mchezo huu kuwa kazi ya maprofesa, umewashinda. Mwaka 1948 wanahistoria wao walimweka rais wao wa zamani, Ulysses Grant, karibu na mkiani kabisa. Leo wenzao wanampandisha hadi katikati. Grant hakufanya lolote jipya kaburini. Waamuzi ndio waliobadilika, hasa walipoanza kuhesabu alivyowatetea Weusi dhidi ya Ku Klux Klan.

Najua nitakavyojibiwa: rais wetu ana mamlaka makubwa, basi lazima abebe sifa na lawama. Hoja nzuri, ila inanisaidia mimi. Ibara ya 37 ya Katiba inasema Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka hivyo. Kama kiti kina nguvu kiasi hicho, swali la mtu mzima ni kiti kikoje. Aliyewahi kukikalia kwa wema si dhamana ya atakayefuata. Bunge Maalum la Katiba lilikaa hapahapa Dodoma mwaka 2014, likapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa. Swali la nani zaidi linajadiliwa kila siku. Karatasi hiyo haijadiliwi.

Na ligi hii ina wanaofaidika. Diwani, mtendaji wa kata, mkurugenzi wa halmashauri: wote wanastarehe tunapogombana juu ya Mkapa na Magufuli. Chukua mfano wa shule ya wasioona ya Buigiri: ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950, kabla nchi hii haijawa na rais yeyote. Imeziona awamu zote sita. Mtoto anayesoma kwa vidole pale anahitaji karatasi za nukta nundu, mwalimu anayeijua kazi yake na chakula cha bweni kinachofika kwa wakati. Mambo hayo yanapita kwenye bajeti na mikono ya watu wengi, ambao tunawajua kwa majina na tunakutana nao mnadani.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Mpiganie Mwalimu au Magufuli kijiweni ukitaka, lakini siku ya mkutano huo nenda, nyoosha mkono, udai kusomewa mapato na matumizi.