Insulini ya mwanao inatengenezwa na bakteria, lakini usiikatishe

"Dada, naomba msaada. Mwanangu ana kisukari, anachomwa sindano kila siku. Mjomba wake amesoma kwenye kasha la dawa neno 'rDNA', akaingia mtandaoni. Anasema ni dawa ya kubadilisha vinasaba vya mtoto, tena nyingine zinatoka kwa nguruwe. Tangu jana asubuhi sijamchoma. Nifanyeje?"

Ujumbe huu uliingia kwenye simu yangu alfajiri moja wiki iliyopita. Sikuandika jibu, nilipiga. Shikamoo mama, mtoto anaendeleaje? Akaniambia amelala tu, anaomba maji kila wakati na usiku kucha amekuwa akienda kukojoa. Nikamwomba habari za vinasaba tuziweke pembeni, ampeleke mtoto hospitali saa hiyo hiyo.

Alimpeleka, na mtoto anaendelea vizuri. Swali lake nalijibu hapa kwa sababu najua wapo wazazi wengine wenye hofu kama yake.

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, kongosho lake limeacha kutengeneza insulini. Bila insulini sukari hubaki kwenye damu, mwili huanza kuunguza mafuta, na damu hujaa tindikali. Zamani mtoto wa namna hiyo hakuishi muda mrefu. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Aliishi miaka 13 zaidi.

Kwa karibu miaka 60 baada ya hapo, insulini ilitoka machinjioni, kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Kwa hiyo maneno ya mjomba yana chanzo, ila ni habari ya zamani. Dawa hiyo iliokoa watu wengi, lakini haikuwa sawasawa na insulini ya binadamu na baadhi ya wagonjwa iliwaletea mzio.

Njia mpya ilifunguka mwaka 1973, pale Stanley Cohen na Herbert Boyer wa California, Marekani, walipoonyesha kuwa kinasaba cha kiumbe kimoja kinaweza kupandikizwa kwa kingine. Vifaa vyao vinaeleweka hata jikoni.

Cha kwanza ni mkasi. Huu ni kimeng'enya kinachokata DNA mahali maalumu. Cha pili ni gundi, kimeng'enya kingine kinachounganisha vipande. Cha tatu ni mbebaji, yaani plazmidi, kiduara kidogo cha DNA ambacho bakteria huwa nacho. Unakata kiduara, unabandika ndani yake maelekezo ya kutengeneza insulini ya binadamu, kisha unakirudisha kwa bakteria. Bakteria huyo akigawanyika, watoto wake wote wanarithi maelekezo hayo. Katika mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo kesho yake una mamilioni ya vibarua wanaofanya kazi moja.

Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani walifanikiwa kupata insulini ya binadamu kwa kutumia bakteria, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kutumika nchini humo. Siku hizi viwanda vingine hutumia hamira badala ya bakteria. Ndiyo maana ya 'rDNA' kwenye kasha: DNA iliyounganishwa upya.

Sasa nirudi kwa yule mama.

Je, inabadilisha vinasaba vya mtoto? Hapana. Kilichobadilishwa ni kinasaba cha bakteria, tena kiwandani. Kinachoingia mwilini ni insulini yenyewe, ambayo ni protini. Hufanya kazi yake, kisha mwili huivunja.

Je, mtoto anachomwa bakteria? Hapana. Insulini hutenganishwa na kusafishwa kabla ya kutiwa kwenye chupa.

Je, inatoka kwa nguruwe? Iliyoandikwa 'rDNA' hutengenezwa na bakteria au hamira. Ukiwa na shaka na kasha lako, mwonyeshe mfamasia. Lakini muulize huku sindano zikiendelea.

Na kama bado teknolojia hii inakutisha, fahamu kuwa huenda imeshapita nyumbani kwako. Sehemu ya homa ya ini B iliyomo kwenye chanjo ya penta, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, hutengenezwa kwa njia hii hii, kwa kutumia hamira.

Yapo mambo ambayo mzazi anapaswa kuyahofia zaidi. Insulini ikipata joto kali huharibika, na ikiganda haifai tena. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Iliyofunguliwa nyingi hudumu takriban wiki nne mahali pasipo na joto kali wala jua, ila soma karatasi yake. Kama huna friji, mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kuihifadhi kwa kutumia mtungi wa udongo.

Mtoto mwenye kisukari akiwa na kiu isiyoisha, akikojoa sana, akitapika, akiumwa tumbo, akihema kwa nguvu au pumzi yake ikinuka kama tunda lililoiva sana, usisubiri kupambazuke. Mpeleke hospitali. Na kwa mtoto ambaye hajawahi kupimwa, kiu kali, kupungua uzito na kuanza tena kukojoa kitandani ni sababu tosha ya kumpima sukari leo.

Yule mama alinipigia tena Jumapili. Mtoto amerudi shule, na mjomba ndiye anayemkumbusha saa ya sindano.