Mdomo Umeshonwa, Mfupa Bado: Hatua Inayosahaulika kwa Watoto Wenye Mdomo Sungura

Kila zinapotangazwa kambi za upasuaji wa bure kwa watoto waliozaliwa na mdomo sungura, wazazi husafiri kutoka wilaya za mbali, mtoto hushonwa, na familia hurejea nyumbani ikiwa na furaha. Kwa wengi safari ya matibabu huishia hapo. Kitabibu, mara nyingi haijaisha.

Duniani, takriban mtoto mmoja kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa au vyote viwili. Kwa kawaida mdomo hushonwa kati ya miezi 3 na 6, na kaakaa karibu na umri wa mwaka mmoja. Hata hivyo, mpasuko unapopita kwenye ufizi hubaki pengo katika mfupa wa taya la juu, ambalo mshono wa ngozi na misuli hauwezi kuliziba. Pua ya upande huo hukosa egemeo na kudidimia, na uso huonekana umepinda hata kama kovu limepona vizuri. Wapo pia wanaobaki na tundu kati ya kinywa na pua, uji na maji vikapita humo.

Tiba yake ni kupandikiza mfupa. Madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, sura na taya huchukua mfupa wa ndani ya nyonga ya mtoto mwenyewe, huujaza kwenye pengo na kuufunika kwa ufizi. Boyne na Sands waliieleza njia hiyo nchini Marekani mwaka 1972.

Jambo zito ni muda. Upasuaji huu hufanywa zaidi kati ya miaka 8 na 11, kabla jino la chonge la kudumu halijaota, ili lipite katika mfupa mpya na kuuimarisha. Mfupa usiobeba jino hupungua taratibu. Aliyechelewa bado husaidiwa, ila matokeo huwa hafifu zaidi.

Kambi ya wiki moja haiwezi kubeba kazi hiyo. Huhitajika picha za eksirei, mara nyingi waya za kupanua taya kwa miezi kadhaa, na zaidi ya yote kumbukumbu: aliyeshonwa akiwa na miezi 4 atafutwe miaka 8 baadaye, wakati familia imehama na namba ya simu imebadilika.

Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 unaleta swali la msingi: je, upandikizaji huu utahesabiwa kuwa tiba au urembo? Kauli ya “kurekebisha mwonekano” inaweza kupotosha. Mfupa unaosawazisha uso ndio huohuo unaoshikilia meno na kusaidia kuziba tundu la puani.

Mzazi ambaye mtoto wake alishonwa na sasa anakaribia miaka 7 anashauriwa kumfikisha kliniki ya kinywa na meno ya hospitali ya rufaa, akiwa na kadi ya upasuaji wa awali kama bado ipo, ili taya lipigwe picha mapema.