Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Bumbuli: Kishikwambi Kije, Vihesabio Vibaki

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: ZANA ZA KUFUNDISHIA KATIKA SHULE ZETU ZA MSINGI

Mimi ni mwalimu mstaafu wa huku Mgwashi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimefundisha darasa la kwanza na la pili huku milimani, na sasa wajukuu zangu wako kwenye madarasa hayo hayo. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili huamuliwa kwenye makisio ya bajeti, na huko sauti ya mtoto wa darasa la kwanza haifiki kirahisi.

Teknolojia imeshaingia shuleni, na sina ugomvi nayo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vimegawiwa walimu nchi nzima, na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeipa TEHAMA nafasi yake. Ombi langu ni moja: fedha ya kishikwambi isichotwe kwenye fungu la chaki, manila, gundi na vihesabio.

Mkoa wetu una ushahidi wake katika hili, nao haukumbukwi inavyostahili. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, shindano la kimataifa la XPRIZE lilifanya majaribio yake hapa Tanga, kwa kushirikiana na Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto zaidi ya 2,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa darasani. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili kati ya watengenezaji wa programu hizo, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10.

Ni mafanikio ya kweli. Mtoto asiye na mwalimu alianza kusoma, tena kwa Kiswahili. Lakini hesabu hiyo hiyo inatuambia kwamba wako wengi waliokaa na kifaa miezi 15 na bado neno moja likawashinda. Peru nayo iligawa kompyuta mpakato kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika, uliofanyika katika shule 319 za vijijini, haukuona matokeo ya hisabati wala ya lugha yakipanda. Kifaa kinasaidia. Kumtazama mtoto usoni na kujua amekwamia wapi, hiyo imebaki kazi ya mwalimu.

Chukua mfano wa 42 toa 17. Mtoto ana mafungu manne ya vijiti kumi kumi, yamefungwa kwa kamba ya mgomba, na vijiti viwili pembeni. Anatakiwa kutoa saba, na viwili havitoshi. Anahangaika. Mwishowe anafungua fungu moja kwa vidole vyake, na sasa ana vijiti kumi na viwili. Anatoa saba, vinabaki vitano. Kwenye mafungu matatu anaondoa moja. Amepata 25. Kule kukopa kunakowatesa watoto ubaoni kumekuwa kitu alichokifanya yeye mwenyewe. Kwenye skrini fungu hufunguka kwa kuguswa tu, na nimeona watoto wakigusa-gusa mpaka jibu sahihi litokee, wasijue limetoka wapi. Kwa mtoto aliyekwisha kufungua mafungu kwa mkono, mazoezi ya kishikwambi yanamfaa sana, kwa sababu yanampa maswali mengi kuliko mwalimu anavyoweza kusahihisha. Utaratibu ndio huo: vijiti kwanza, skrini baadaye.

Na lugha pia. Watoto wetu wengi wanaingia darasani na Kishambaa. Mwalimu akishika punje ya mahindi au jani la chai mkononi, anawavusha kwenda kwenye Kiswahili bila kumwacha yeyote nyuma. Programu za Tanga hazikujua Kishambaa. Mwandiko nao haujapitwa na wakati, maana mtihani wa taifa wa shule ya msingi unafanywa kwenye karatasi.

Niseme kuhusu fedha. Mpango wa elimumsingi bila ada ulipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 ndizo zilizopelekwa shuleni na 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu. Kwa kiwango hicho, kishikwambi kimoja cha bei ya chini kinaweza kumeza ruzuku ya watoto zaidi ya ishirini. Vihesabio ni vijiti, vizibo vya soda na mbegu, na chati nzuri huandikwa nyuma ya kiroba cha mbolea. Kinachohitaji fedha ni manila, kalamu za rangi, na siku chache za walimu kukaa pamoja kutengeneza zana.

Jambo moja halihitaji ununuzi wowote. Sharti la shindano lile lilikuwa programu za washindani ziachwe wazi, yeyote azitumie bila malipo. Afisa TEHAMA wako azijaribu kwenye vishikwambi ambavyo walimu tayari wanavyo. Zikikubali, zipakiwe mapema ili zitumike bila intaneti, kwa kuwa masika na ukungu wa Juni huku juu havitupi uhakika wa mtandao wala wa jua la kuchajia.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kabla ya siku hiyo nakuomba, Ndugu Mkurugenzi, utenge fungu la zana za mkono kwa madarasa ya awali, la kwanza na la pili, lisiloweza kuhamishiwa kwenye vifaa vya umeme, na kiasi chake kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule ili sisi wazazi tukisome.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Mwalimu mstaafu, Mgwashi