Wakaguzi waulize pia mlango wa pili

Bwana Mhariri,

Maduka ya Bukavu hayakosi wageni wa serikali. Mmoja anadai patente ya biashara, mwingine kodi ya bango, wa tatu risiti ya usafi. Wa kuuliza wateja watatokea wapi moto ukiwaka, sijamwona bado.

Juzi niliingia depo moja ya magodoro huko Kadutu. Njia pekee ya kushuka kutoka ghorofani ni ngazi ya mbao, na chini yake jenereta inanguruma kando ya bidoni ya petroli. Nyaya zimeungwa na kufungwa kwa mfuko wa plastiki. Mtungi wa kuzimia moto upo, ila umefichwa nyuma ya marobota. Labda ulinunuliwa kwa ajili ya picha.

Mji wetu umebanana milimani. Nyumba za mbao zinagusana, na gari la zimamoto, hata likipatikana, halipiti vichochoro vya Nkafu wala Nyamugo. Moto ukishawaka tumechelewa. Nairobi waliliona hilo Januari 2009, supamaketi ya Nakumatt Downtown ilipoteketea na kuua watu zaidi ya 20.

Naomba ofisi ya meya ianze na depo, hoteli na wauza petroli kabla ya kiangazi cha Juni. Karatasi ya ukaguzi yenye tarehe ibandikwe mlangoni, mteja aione. Faini ilipwe benki, si mkononi mwa mkaguzi. Na mwenye duka apewe muda wa kurekebisha kabla ya kufungiwa, maana wengi tunakula kwa biashara hizo hizo.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu