Propela kubwa siyo dawa!

Jamani, jana bwenini tumebishana mpaka saa nane usiku. Mshikaji anachora ndege yake ya kujitengenezea, injini ya Volkswagen Beetle, na kila anayepita anamwambia: weka propela kubwa, itaruka tu. Mi nakataa, tena kwa hesabu.

Injini hiyo kwenye ndege nyingi propela hufungwa moja kwa moja kwenye krenki, hakuna giaboksi. Kwa mizunguko 3,400 kwa dakika, ncha za propela ya mita 1.37 zinakwenda kama mita 244 kwa sekunde. Sawa. Weka ya mita 1.83: mita 326, na sauti yenyewe ni kama 340! Utapata kelele, msukumo hupati. Na injini haifiki huko, itazidiwa mapema. Rotax 912 ULS inamudu propela kubwa kwa sababu ina giaboksi ya 2.43 kwa 1.

Halafu uzito. Umetoa ya mbao ukaweka ya chuma, tuseme kilo 5 zimeongezeka puani, mita 1.5 mbele ya kitovu cha uzito. Eti "funga risasi mkiani". Haya, kilo 2.5, mita 3 nyuma, imekaa sawa. Umebeba kilo 7.5 za bure! Ukizidisha hiyo risasi, mkia unakuwa mzito, na ndege ikipoteza mwendo pua inaweza kugoma kushuka.

Kupima ni mizani tatu tu, moja chini ya kila gurudumu. Nimemuuliza atazipata wapi. Akanionyesha rangi aliyochagua. Na humo ndani anataka kukaa yeye.