Anunuaye Jina Anunue na Deni Lake

Msomaji, jina ni kitu cha ajabu. Halina uzito, halina rangi, wala halishikiki kwa mkono. Walakini watu hulinunua kwa mamilioni na kuligombania mbele ya mahakimu. Fundi hulijenga kwa miaka mingi, kwa kufanya kazi njema leo, na kesho, na kesho kutwa, mpaka mtu alisikiapo husema moyoni mwake, "Hili halitanidanganya." Imani hiyo ya mnunuzi ndiyo thamani ya jina. Imani ikiondoka, jina husalia herufi tupu zilizobandikwa kwenye bati.

Katika insha hii nataka kushindana na fikira moja iliyoenea sana katika dunia ya biashara. Fikira hiyo husema hivi: kampuni yenye jina kubwa ni mali kama ng'ombe mnadani, mwenye fedha hununua, mwenye shida huuza, na mtu aliyenunua motokaa yenye jina hilo jana hana neno la kusema, maana amekwisha pewa motokaa yake. Mimi nasema fikira hiyo ni pungufu. Jina huuzwa kwa bei kubwa kwa sababu limebeba ahadi, na ahadi ni deni. Anunuaye jina na anunue na deni lake.

Labda utacheka na kuuliza, "Mimi ni mwanafunzi, na kwetu hatuna hata baiskeli mpya. Motokaa za matajiri zanihusu nini?" Ni swali la haki. Nitalijibu kabla hatujaachana. Lakini kwanza nifuate mpaka Uingereza.

Mwaka 1919 mhandisi aliyeitwa Walter Owen Bentley alianzisha kampuni ya motokaa kwa jina lake mwenyewe. Motokaa zake zilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, nchini Ufaransa, mara 5 kati ya 1924 na 1930. Lakini sifa hailipi mishahara. Mwaka 1931 kampuni ilifilisika, na mshindani wake, Rolls-Royce, akainunua kwa mkono wa wakala bila kujitaja. Bwana Bentley akajikuta mtumishi katika nyumba iliyoitwa kwa jina lake. Mwaka 1935 aliondoka, akaenda kufanya kazi katika kampuni ya Lagonda. Yeye aliweza kutoka. Jina lake halikuweza kutoka naye.

Miaka 40 baada ya ununuzi ule, zamu iliwafikia wanunuzi wenyewe. Mwezi wa Februari 1971 kampuni ya Rolls-Royce ilianguka. Haikuangushwa na motokaa, bali na gharama za kuunda injini mpya ya ndege iliyoitwa RB211. Serikali ya Uingereza iliichukua kazi ya injini za ndege, na mwaka 1973 kazi ya motokaa ikatengwa ikawa kampuni mbali. Hapo palifanyika jambo lililoonekana dogo siku ile: haki ya jina ilibaki kwa watengenezaji wa injini za ndege, na watengenezaji wa motokaa wakapewa ruhusa ya kulitumia tu.

Kampuni ya motokaa ilichukuliwa na Vickers mwaka 1980, na mwaka 1998 Vickers ikaamua kuiuza. Kampuni mbili za Ujerumani, Volkswagen na BMW, zikashindana. Volkswagen ikashinda kwa pauni milioni 430. Ilipata kiwanda cha Crewe, ambamo motokaa za Rolls-Royce ziliundwa tangu 1946. Ikapata jina la Bentley. Ikapata hata haki ya sanamu ya mwanamke mwenye mabawa isimamayo mbele ya kila Rolls-Royce. Kitu kimoja tu hakikuwamo katika kapu lake: jina Rolls-Royce lenyewe. Jina hilo wenye injini za ndege waliiuzia BMW kwa pauni milioni 40. Ugomvi ukatulizwa kwa mapatano kwamba Volkswagen ingelitumia jina hilo mpaka mwisho wa mwaka 2002, kisha ingeliachia.

Tazama basi kioja hiki. Jioni ya Desemba 31, 2002, Rolls-Royce ilikuwa motokaa ya Crewe. Kulipokucha Januari 1, 2003, Rolls-Royce ilikuwa motokaa ya Goodwood, kusini mwa Uingereza, katika kiwanda kipya kilichojengwa na BMW. Kiwanda cha zamani hakikuhama. Mashine zake hazikuhama. Kilichohama usiku ule ni jina.

Wanasheria walibishana nani ana haki ya jina. Lakini mtu mwenye Rolls-Royce iliyotoka Crewe mwaka 1990 alikuwa na swali lingine, tena la maana zaidi: "Motokaa yangu ikiharibika kesho, nitampigia hodi nani?" Jibu ni kwamba vipuri vya motokaa hizo za zamani huendelea kutolewa na Bentley kule Crewe. Mwenye Rolls-Royce hupeleka haja yake kwenye nyumba ya Bentley, na mwenye jina analoliona mbele ya motokaa yake anakaa mji mwingine. Jina lilikwenda upande mmoja, na wajibu ukabaki upande mwingine. Hapa wajibu ulipata mahali pa kukaa, nami nawasifu waliouweka. Ila haki ya mtu haifai kutegemea ukarimu wa walionunua. Ukitaka kuona mambo yawavyo pale ambapo hakuna wa kuushika wajibu, tuvuke bahari mpaka Uswidi.

Huko kampuni ya ndege ya Saab ilianza kuunda motokaa za kuuza mwaka 1949. Zilikuwa motokaa za werevu, nazo zilipendwa na watu waliojivunia kuwa na fikira zao wenyewe. General Motors ya Marekani ilinunua nusu ya kazi hiyo ya motokaa mwaka 1990, na nusu ya pili mwaka 2000. Mwaka 2010 iliiuza kwa Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi. Mwaka uliofuata, kiwanda cha Trollhättan kilisimama kwa kukosa fedha za kuwalipa walioleta vifaa. Makampuni ya Uchina yalipokuja kutaka kuinunua, General Motors, ambayo ilikuwa ingali na haki juu ya maarifa yaliyotumika katika motokaa zile, ilikataa. Mwezi wa Desemba 2011 Saab ilitangazwa kuwa imefilisika.

Sasa fikiri hali ya wenye motokaa. Kule Marekani, General Motors ilisema itaheshimu dhamana za motokaa zilizouzwa wakati yeye alipokuwa mwenye kampuni. Walionunua baada ya hapo waliachwa na karatasi isiyo na mlipaji. Motokaa mbili zimetoka kiwanda kimoja na zina jina moja. Ya jirani yako ina mlinzi, yako ni yatima. Tofauti yake ni tarehe ya mkataba ambao wewe hukualikwa kuutia sahihi, wala kuushuhudia, wala kuusoma.

Kilichowaokoa wengi ni jambo lingine. Idara ya vipuri ilikuwa kampuni ya mbali, haikufilisika pamoja na kiwanda, nayo ilikuwa imewekwa rehani kwa deni la serikali ya Uswidi. Serikali ikaichukua, kazi ya vipuri ikaendelea, na baadaye kampuni hiyo ikaitwa Orio. Walionunua kiwanda waliruhusiwa kutumia jina la Saab kwa muda, lakini mwaka 2014 kampuni ya ndege iliwanyang'anya ruhusa hiyo. Hivyo jina lilikufa barabarani, na vipuri vikaishi. Nani atakataa kwamba mwenye motokaa alifaidiwa na vipuri zaidi kuliko jina?

Najua kwamba nitapingwa, na wapinzani wangu ni wa namna tatu.

Wa kwanza watasema, "Ubaya ni wageni. Kampuni ikibaki kwa wenyeji, jina halitaharibika." Hao hawajui historia ya Jaguar. Jaguar ilichipuka katika karakana ya William Lyons na mwenzake, iliyofunguliwa Blackpool mwaka 1922, ikikua mpaka ikawa fahari ya Uingereza. Mwaka 1968 iliingizwa katika shirika kubwa la British Leyland. Wenye shirika walikuwa Waingereza, na viwanda vilikuwa vya Uingereza; walakini miaka iliyofuata ndiyo miaka ambayo jina la Jaguar lilichafuka kwa kazi mbovu. Ford ya Marekani iliinunua mwaka 1989 kwa dola bilioni 2.5 hivi, ikarekebisha mengi yaliyoharibiwa na wenyeji. Kisha mwaka 2001 ikatoa Jaguar ndogo iliyojengwa juu ya msingi wa Ford Mondeo, na wapenzi wa jina wakauliza kama walikuwa wanauziwa chui au ngozi ya chui. Mwaka 2008 Tata ya Uhindi ilizinunua Jaguar na Land Rover pamoja kwa dola bilioni 2.3, ingawa Ford ilikuwa imeitoa kama bilioni 2.7 kwa Land Rover peke yake. Mwenyeji aliharibu, mgeni akatengeneza na kuharibu, mgeni wa pili akapokea. Uraia wa mwenye mali si kipimo cha uaminifu wake.

Wapinzani wa pili watasema, "Wenye Rolls-Royce na Jaguar ni matajiri. Waache walie." Neno hili hupendeza masikioni, lakini halina busara. Motokaa ya fahari haikai kwa tajiri milele. Yeye huiuza, mtu wa wastani huinunua, naye humwuzia wa tatu, mpaka imfikie mtu aliyekusanya akiba ya miaka mingi kwa sababu aliliamini jina. Jina linapotelekezwa, anayelia mwisho si tajiri wa kwanza. Ni yule wa mkono wa nne. Tena, ikiwa tajiri mwenye wakili anaweza kuachwa na dhamana isiyo na mlipaji, maskini asiye na wakili atafanywaje?

Wapinzani wa tatu ni wafanya biashara wenyewe. Watasema, "Mkitubebesha madeni ya wenzetu, hakuna atakayenunua kampuni inayokufa, na watu watapoteza kazi." Hili ni pingamizi lenye uzito, nami silidharau. Lakini nawajibu: mzigo unaojulikana mapema hupunguzwa katika bei. Anunuaye nyumba yenye deni hutoa fedha kidogo kwa muuzaji na kulilipa deni. Hasemi kwamba deni limekufa kwa kuwa mlango umebadilishwa kufuli. Wanachotaka wafanya biashara hao ni kulipa bei ya jina lenye imani, kisha kuikana imani yenyewe.

Sasa nililete jambo hili nyumbani, kama nilivyoahidi. Wewe umekwisha iona Land Rover, ya polisi, ya watunza wanyama, au ya mkulima. Tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, Land Rover imepita mikononi mwa Rover, Leyland, British Aerospace, BMW, Ford, na Tata. Hapa Kenya, kiwanda cha Thika kilianzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, na ndani yake ziliunganishwa Land Rover na malori. Kule Uingereza Leyland ilivunjikavunjika. Hapa kwetu kiwanda kikachukua jina lingine, nacho huitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Wala usisahau kwamba motokaa nyingi ziingiazo Mombasa ni zile zilizokwisha tumika ng'ambo. Sheria yetu hukataa zile zilizozidi miaka 8. Sisi ni watu wa mkono wa pili, wa tatu, na wa nne. Mikataba hutiwa sahihi London na Detroit na Mumbai, na fundi wa Nairobi ndiye humwambia mwenye motokaa kwamba kipuri hakipatikani.

Kwa hiyo natoa madai matatu. Kwanza, sheria iseme kwamba apataye haki ya kutumia jina la kampuni apate na wajibu wa dhamana zilizotolewa kwa jina hilo, na wa vipuri kwa muda wa miaka iliyotajwa waziwazi. Pili, pale ambapo jina na kiwanda vinagawanywa, kama ilivyokuwa Crewe, mkataba utaje atakayewajibu wenye motokaa za zamani, na habari hiyo itangazwe. Tatu, mnunuzi aambiwe motokaa yake imejengwa juu ya msingi wa nani. Asiuziwe mbuzi ndani ya gunia, hata gunia likiwa la hariri.

Na wewe, msomaji, usifikiri kwamba haya ni ya wenye viwanda peke yao. Miaka michache ijayo utakuwa karani, au wakili, au mwenye duka, au mwanachama wa chama cha ushirika. Siku moja italetwa mezani karatasi ya kununua au kuuza kitu chenye jina. Wengine watauliza, "Bei gani?" Wewe uliza na swali la pili: "Wale walioliamini jina hili jana, nani atawajibu kesho?" Kama karatasi haina jibu, usitie sahihi.